Bale ya Migomba

Gloriose Uwiringiyimana wa Ihanda amechoka, na anasema hivyo bila aibu. Asubuhi yuko kwenye kahawa. Jioni anawafundisha wasichana kumi na mmoja ngoma ya mama yake, ile ya mikono juu. Ana miaka hamsini na sita, na magoti yake hayajali sanaa.

Kikundi ni cha Mzee Placidius, mnunuzi wa kahawa wa Omurushaka. Miaka tisa iliyopita alikwenda Kigali, akaona wachezaji wa ngoma wanatangazwa kwa kizungu kuwa ni bale, akarudi na hilo neno. Ngoma alinunua yeye, na sketi, na chakula cha mazoezi. Siku ya kwanza alimwona Gloriose ameinua mikono, akapiga makofi: "Majani ya mgomba kwenye upepo." Basi kikaitwa Bale ya Migomba.

Mikono ile ni pembe za ng'ombe. Kwao Gloriose, upande wa Kigali, hata mtoto anajua. Lakini mwaka ule watu wenye asili ya huko walikuwa wameambiwa warudi walikotoka, na aliyetaja ng'ombe aliulizwa babu yake alizaliwa wapi. Gloriose akanyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite, ila huyu miaka tisa bado yuko mlangoni.

Mwezi uliopita mzee alileta mikono ya kitambaa cha kijani, imechanwachanwa kama majani yenyewe, wasichana waivae kwenye sherehe ya ushirika. Gloriose aliona ngoma ya mama yake inazikwa, na yeye ndiye anayeshika jembe. Akapanda bodaboda mpaka ghalani kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nguo mmezipenda?"

"Mzee, ile mikono si migomba. Ni pembe za ng'ombe."

Placidius hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Gloriose.

"Nimejua tangu mwaka wa pili," alisema. "Ukisema migomba, nyote ni wa hapa. Ukisema ng'ombe, nitawakingaje?"

Gloriose alirudi amechoka kuliko siku ya palizi. Jioni hiyo Kemilembe, mdogo kuliko wote, alivaa kijani chake akauliza, "Mama Gloriose, hii mikono ni nini hasa?"

"Ni majani ya mgomba, mwanangu." Kisha akamshika viwiko, akavipandisha, akavipandisha tena, mpaka mikono ikawa pembe.