Filamu Niliyoisubiri Hadi Mwisho

Kwa miaka sita nimewaambia ndugu zangu kwamba alasiri mama alipofariki, kule Musienene, nilikuwa kwenye mkutano wa kitivo. Uongo. Nilikuwa Bulengera, kwenye kibanda cha video, simu nimeizima. Usiponiamini sitakulaumu. Mimi nafundisha fasihi, na hadithi kama hii ningempa mwanafunzi alama ndogo.

Mama alikuwa akiugua kwa wiki ya tatu. Nilichoka kungoja habari mbaya, nikaenda kutafuta hofu ya mtu mwingine. Filamu ilikuwa ya kigeni, nzito, ya polepole: mwanamke peke yake nyumbani, mtu anabisha, hafungui. Basi. Hakuna anayeeleza kitu. Unazijua filamu za namna hiyo? Hazikurukii. Zinakaa karibu nawe mpaka unasahau kupumua.

Kibanda hufungwa komeo kwa nje, ili mwanga usiharibu picha. Nyuma yetu huketi mfasiri wa filamu, Kambale, na maikrofoni yake. Yeye humpa kila mzungu wa filamuni jina la Kinande, lugha yetu: kijana Paluku, binti Masika. Kwa hiyo niliposikia, "Masika, fungua mulango. Mama yako anakuita," sikugeuka, ingawa Masika ni mimi. Nani hana Masika kwao? Na sisi watazamaji humjibu mfasiri. Nikajibu, "Ngoja kidogo."

Sauti iliita tena. Nikajibu vilevile. Mara ya tatu ikasema, "Masika, mama hatangoya tena." Mdomo wangu ukarudia yale yale.

Hapo mwenye kibanda akafungua, kwa kuwa mzee mmoja alitaka kutoka. Mwanga ulinifikia magotini. Ningeweza kusimama. Niamini, nilitaka. Lakini yule mwanamke wa filamuni alikuwa ameshika kitasa.

Komeo likarudi. Nilipotoka na kuwasha simu, mama alikuwa ameshakwenda.

Tangu siku ile nalala mlango wazi, upumbavu mtupu kwa mji wetu. Nawe ukisikia jina lako gizani, inuka. Mwisho wa filamu ile hata siukumbuki.

Juma lililopita niliwaungamia ndugu zangu, kisha nikampigia mwenye kibanda. Nilitaka kujua ni nani aliyemtuma Kambale aniite.

"Prof, ile siku ninaikumbuka muzuri," alisema. "Kambale hakukuyaka ku kibanda. Alikuwa Beni, ku kilio. Filme ilienda bila mutu wa kuisemea. Tulisikia tu weye, mara tatu: ngoja kidogo."