Kampuni Imekufa, Deni Limehamia Zizini Kwangu

Mhariri, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na moja, mkulima na mfugaji wa Ihanja, nina mke na watoto. Nimechoka hata kukasirika.

Kabla ya vijiji vya ujamaa, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulifungua kampuni ya kukamua mafuta ya karanga. Wakurugenzi tulikuwa sisi wawili. Mashine tuliinunua kwa mkopo, na benki ikataka kila mmoja wetu aidhamini kampuni kwa mali yake. Nikasita. Shemeji akacheka: "Hiyo ni desturi yao tu. Anayekopa ni kampuni, siyo wewe." Nikatia sahihi.

Watu walipohamia vijijini na karanga zikawa zinauzwa kwa ushirika peke yake, mashine ikakosa cha kukamua. Kampuni ikafilisika. Mashine ikapigwa mnada, fedha zake hazikufika hata nusu ya deni. Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Asubuhi moja dalali wa mahakama akaja na askari. Nikamwambia kampuni ilishakufa. Akasema, "Imekufa, bwana, lakini mdhamini wake yuko hai."

Kwa nini mimi peke yangu? Kwa sababu shemeji alishawaficha ng'ombe wake kwa rafiki yake kule Mungaa, akaonekana hana kitu, na benki inaruhusiwa kudai deni zima kwa yeyote kati yetu.

Wakaswaga ng'ombe wote. Humo walikuwamo wa mahari ya dada yetu, niliokuwa nikiwatunza ili mdogo wangu aoe. Alisimama mlangoni mwa zizi akilia, mwanamume mzima. Mchumba wake ameshaozwa kwingine. Tangu siku ile mdogo wangu hanipi shikamoo.

Mwanasheria wa mjini anasema naweza kumshitaki shemeji anirudishie fungu lake. Mdogo wangu kaniambia, "Usipomshitaki, nitajua mlikula pamoja." Mke wangu naye ameshafunga mzigo wake: "Ukimpeleka kaka yangu mahakamani, mimi narudi kwetu." Na shemeji mwenyewe? Jumapili kaja kwangu, kala ugali wangu, kisha kaniuliza mbona nimekonda!

Wasomaji wenzangu, nipeni neno, maana hapa nyumbani kila anayenishauri ana upande wake. Nimshitaki nimpoteze mke, au ninyamaze nimpoteze ndugu yangu wa tumbo moja?