Mzee Jora na Taa za Uani

"Hata mkinifunga kitambaa usoni, nitawatajia rangi ya hicho kitambaa!"

Maneno hayo aliyatamka Mzee Jora kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa soko, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu waliokuja kujadili choo kilichoziba. Hakuna aliyemuuliza habari za vitambaa. Lakini mtu aliyeanza kuuza nguo za mita kabla kidevu chake hakijaota hata unywele, ukimpa kipaza sauti umejitakia mwenyewe. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na suala la choo likaahirishwa.

Jina la Jora alipewa sokoni, na waliompa walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, duka lake lilijaa majora ya vitambaa kutoka sakafuni hadi darini. Ya pili, yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mnene sawasawa juu mpaka chini, kiasi kwamba ungeweza kumsimamisha katikati ya bidhaa zake na mteja akamwita mara tatu bila kumwona.

Kazi yake alikuwa na namna yake ya kuifanya. Ukiingia ukasema unataka kitambaa cha zambarau, hakuuzii papo hapo. Analiteremsha jora, analipakata kama mtoto, halafu anakushika kiwiko na kukupeleka nje mpaka juani. "Rangi haichaguliwi ndani," atakwambia. "Taa ya dukani ni muongo aliyeajiriwa na mwenye duka." Na mwenye duka ni yeye. Huko nje atalowesha ncha kwa mate aone kama inachuja, ataisugua kati ya vidole viwili, kisha atakutajia rangi kwa jina alilolitunga mwenyewe: zambarau ya mjane tajiri, kijani cha wivu mdogo, nyekundu ya kuombea mkopo. Wateja walikuja kwa ajili ya majina kama walivyokuja kwa ajili ya nguo.

Kisha, polepole, kama maji yanayotiwa chai tone kwa tone, dunia ikaanza kumgeukia njano. Nyeupe ikawa maziwa, maziwa yakawa asali. Bluu iliyokoza na nyeusi zikawa mapacha, na mama yao mwenyewe asingewatofautisha.

Hakumwambia mtu. Alijua dawa yake ni nini, maana aliwahi kusikia watu wakisimulia: unalazwa chali, mtu aliyevaa barakoa anakuja na kisu, na kisu kinaelekea kwenye jicho. Hapo ndipo kila mara alipoacha kusikiliza. Alijua pia kinachofuata ikigundulika kwamba haoni rangi: atawekewa kiti mlangoni, atapewa kikombe cha chai na kazi ya kuitikia salamu za wapita njia. Kati ya kisu na kiti, Mzee Jora alichagua kunyamaza.

Na aliweza. Alizikariri rafu zote. Nyeusi, rafu ya pili mkono wa kulia. Bluu iliyokoza, chini yake. Mteja anataja rangi, mkono unakwenda wenyewe, ulimi unamalizia. Ungemwona ungesema macho yake ni ya mwewe.

Mpaka bintiye, aliyekuwa akimsaidia dukani, siku moja akaona vumbi na kuamua kufagia. Alipomaliza kufagia akapanga. Alipopanga, akapanga upya.

Kesho yake mwalimu wa kwaya akaja kuongeza kitambaa cheusi cha sare, kwa kuwa kwaya ilikuwa imepata waimbaji wapya. Mzee Jora akakata, akafunga, akamsindikiza kwa utani. Siku ya kuimba, nusu ya kwaya ilivaa nyeusi na nusu bluu, wakasimama mbele ya watu kama ubao wa drafti.

"Ni kiwanda," Mzee Jora alimwambia mwalimu aliporudi. "Siku hizi wanatia rangi kama watu wanaotia chumvi, kila mtu kwa kiganja chake."

Mwalimu alimtazama, akavitazama vitambaa viwili, akaondoka bila kubishana. Heri angetukana.

Asubuhi iliyofuata bintiye alisogea mbele ya rafu na kusema, "Baba, wewe uwe unakata. Mimi nitakuwa nachagua."

Mzee Jora akasikia kiti kikiburutwa kuelekea mlangoni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa hewani mkewe alipostaafu. Mama huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Sufuria aliyopikia ungeweza kumwogeshea ndama. Jumamosi wapishi wenzake walikuwa waje nyumbani kumuaga, na wangekaa uani, kwa sababu sebule yao ikiingia watu sita, wa saba anakaa dirishani. Ua ulikuwa wa saruji, una tangi la maji, kamba ya kuanikia nguo, na taa moja juu ya mlango wa jiko ambayo iliwaka kwa hisani yake yenyewe.

"Baba watoto," mkewe alisema wakiwa mezani, "nataka zile taa za kamba. Zile ndogondogo, za kutundika kutoka ukuta huu mpaka ule. Lakini ziwe za njano. Njano laini. Maisha yangu yote nimesimama chini ya mataa meupe ya jiko la shule, kila mtu anaonekana kama ametoka kufufuka. Siku yangu moja, nataka watu wanione nina rangi."

"Nitakwenda mimi, mama," binti akasema haraka.

Mzee Jora akaweka kikombe chini. "Uende wewe ukachague rangi? Kwani mimi nimezikwa lini?"

"Baba, sijasema hivyo."

"Mwache aende," mkewe akasema, macho kwenye sahani. "Tutaona."

Mzee Jora hakulipenda hilo *tutaona*. Lilikuwa na harufu ya mtihani. Lakini mtihani unaoujua tarehe yake ni nafuu, na akipasi huu, habari ya kwaya itakufa na kiti kitarudi stoo. Akavaa koti.

Duka la taa lilikuwa refu na jembamba, na taa zote zilikuwa zimewashwa. Zilining'inia dari nzima, zikapanda kuta, zikazunguka hata kaunta. Kwa mtu mwingine pangekuwa pazuri. Kwa Mzee Jora ilikuwa kama kutazama ndani ya chungu cha mafuta kinachochemka.

"Shikamoo mzee wangu," akasema muuza taa, kijana mwenye kalamu sikioni. "Karibu. Za ndani au za nje?"

"Marahaba. Za uani. Za kamba. Njano laini."

"Umefika." Kijana akazivuta kamba mbili na kuziweka kaunta, zote zinawaka. "Hii hapa na hii hapa. Moja ya njano, moja nyeupe ya kupiga bluu. Ukiziona pamoja unaona tofauti yake, eh?"

Mzee Jora akaziona pamoja. Zote mbili zilikuwa asali.

Hapo ndipo mtu mwingine angeuliza, *ipi ni ipi?* Swali la maneno matatu, halina kodi. Mzee Jora akafanya alichofanya maisha yake yote.

"Toa nje," akasema.

"Nini?"

"Zitoe nje, juani. Rangi haichaguliwi ndani."

Kijana akamtazama kama anasubiri afunguliwe utani. Haukufunguliwa. Basi akatafuta waya wa kuongezea, akauburuta mpaka barazani, akachomeka kamba zote mbili saa sita mchana, jua limesimama utosini. Wapita njia wakapunguza mwendo. Haijulikani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kununua taa kwa kuzitazama juani. Lakini wauza vitambaa ni watu wa imani.

Juani, bila shaka, hakuna taa iliyoonekana inawaka. Mzee Jora akainama, akazisugua nyaya kati ya vidole viwili. Moja ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Nyingine ilikuwa nene, imara, ina mpira mzuri. Akaipima kwa mkono kutoka bega mpaka kidole, kwa mazoea.

"Inachuja?" akauliza.

"Mzee, ni taa."

"Nimekuuliza inachuja?"

"Haichuji."

"Hii." Akaishika ile nene. "Njano tamu. Njano ya bibi harusi aliyepata usingizi."

Kijana akatoa kalamu sikioni, akairudisha. "Mzee wangu, hiyo ndiyo ile..."

"Kijana. Nimeanza kuuza rangi kabla baba yako hajamtupia mama yako jicho."

Kijana akafunga mdomo, na baada ya mdomo akafunga boksi. "Ikishawashwa nyumbani hairudi," akasema tu.

"Irudi kufanya nini?"

Ijumaa jioni, jua limezama lakini mbingu bado ina mwanga kidogo, shemeji yake akaja kutundika. Huyu alikuwa mdogo wake mkewe, fundi wa redio na pasi, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Alipanda ngazi huku anaimba, akashuka huku analalamika.

"Shemeji, kwa jinsi ulivyo mfupi nilidhani nitakufunga wewe juu na taa zibaki chini."

"Funga taa. Wewe hata mkanda wa suruali unafungiwa."

"Haya, mama wa shughuli yuko wapi? Nawasha!"

Mkewe na bintiye wakatoka jikoni. Shemeji akachomeka.

Ua ukawa mweupe. Weupe wa kupiga bluu, ule wa kwenye korido za hospitali. Tangi la maji likaonekana kama maiti amesimama. Mkewe akatazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Ilikuwa mikono ile ile ya jikoni shuleni.

Mzee Jora alikuwa amesimama katikati, kichwa amekiinua, anatabasamu. "Mnaona? Njano. Si nilisema? Na angalieni, kila taa wameivisha pete yake."

"Pete gani, Baba?" binti akauliza.

"Hizo pete! Zinazozunguka. Kama upinde wa mvua uliokunjwa." Akanyoosha kidole. "Hiyo ina pete, hiyo ina pete. Kazi safi sana hii."

Shemeji akafungua mdomo. Dada yake akamtazama, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, akaufunga.

Mkewe akaingia ndani, akarudi na kitambaa kilichokunjwa. Walikuwa wameishi pamoja muda wa kutosha. Alijua kuwa akileta kitambaa chake chochote cha kichwani, mume wake atakijibu kwa kukumbuka jora alilokikatia. Kwa hiyo alileta kile ambacho wapishi wenzake walimpa siku hiyo hiyo, ambacho hakijawahi kulala kwenye rafu yoyote ya Mzee Jora.

"Hiki rangi gani?"

Mzee Jora akakipokea. Vidole vikakisugua vyenyewe. "Pamba tupu. Ufumaji wa kubana. Si cha kwangu hiki. Wamekupunja kidogo upana."

"Rangi, baba watoto."

Akakisogeza karibu, akakiweka mbali. Akageuka kuutafuta mlango, kwa mazoea ya kutafuta jua, na jua lilikwisha kwenda.

"Kesho asubuhi nikikitoa nje..."

"Kesho asubuhi utakitoa nje, na utaona vile vile."

Taa ziliwaka na pete zake zote. Mzee Jora akakunja kitambaa kile vizuri, kona kwa kona, kama anavyomkunjia mteja.

"Niambie wewe," akasema.

"Kijani," mkewe akasema.

"Kilichokoza?"

"Kilichokoza."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepewa habari za ndugu wa mbali. Shemeji aliona huo ndio wakati wa kuisaidia familia, akasema, "Basi kile kiwanda cha sare za kwaya hakina kosa," na bintiye akacheka kabla hajajizuia, na Mzee Jora naye, baada ya kutafakari, akatoa mguno ambao ungeweza kuhesabiwa kama kicheko.

"Jumatatu unakwenda kwa daktari wa macho," mkewe akasema. "Mimi nitakaa pembeni nikushike mkono. Siku hizi sina kazi."

"Na kesho? Wageni wako watakaa kwenye korido ya hospitali?"

"Taa hizi hazichomi," shemeji akasema, ameishika moja kiganjani. "Hata ukizivisha nguo."

Mzee Jora akamgeukia bintiye. "Kuna ile kama chachi, nyepesi, tuliyoshonea mapazia ya hoteli. Ya njano. Usiniambie mimi iko rafu gani, wewe ndiye uliyepanga. Kailete."

Binti akachagua. Baba akakata. Hakuhitaji macho kwa hilo. Mkasi ulipita kwenye kitambaa kama unateleza, na kila kipande kilitoka mraba, sawa na mwenzake. Wakavifunga kwa uzi, taa moja baada ya nyingine, shemeji kwenye ngazi akilalamika. Kesho yake jioni wapishi wa shule walikaa uani chini ya mwanga wa njano, wakala, wakasengenya mwalimu mkuu, na mmoja akamwambia mkewe kwamba kustaafu kumempendeza. Mzee Jora alizitazama taa. Hakuona tofauti yoyote. Lakini aliona mkewe ameacha kuitazama mikono yake.

Jumatatu daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole na tochi isiyo na upole, alimmulika jicho hili, akammulika na lile. Mzee Jora, kwa woga, akalishika pindo la koti la daktari kati ya vidole viwili.

"Hii wameichanganya na nailoni," akasema.

"Mtoto wa jicho," daktari akasema. "Macho yote mawili, na umekaa naye sana. Tunamtoa, unakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Husikii maumivu."

"Na kisu?"

"Kidogo kuliko sindano zako za dukani."

Mkewe aliubana mkono wake. Mzee Jora akameza mate, akajikohoza, akajiweka sawa kwenye kiti. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ile ya wateja wake wagumu, anayoisikia kila siku kutoka upande wa pili wa kaunta.

"Na mtu akichukua yote mawili, mnampunguzia?"

"Ni bei mara mbili, mzee. Hapa hatuuzi kwa jumla."

"Jicho moja, laki nne," daktari akaongeza.