Nilikwenda Kumhamisha Baba

Mama ameuza samaki maisha yake yote na sijawahi kumwona akila hata mkia. Hapa Bukoto mukene wake, dagaa wa ziwani, wanajulikana mtaa mzima, lakini jioni yeye hula maharage. Wanangu humtania: "Bibi, unaogopa miiba?" Hucheka na kuwafukuza kwa kitambaa cha jikoni.

Sisi tulitoka ng'ambo ya mpaka, ukingoni mwa ziwa. Kukiita kijiji ni kukipa sifa tu: nyumba sita za udongo, vichanja vya kuanikia dagaa, na kaburi la baba. Nilikuwa mgongoni mwa mama baba alipokufa. Homa, niliambiwa. Kisha samaki wakaadimika, watu wakaondoka mmoja mmoja, nasi tukaja Kampala. Mwaka huu mvuvi mmoja wa kule akanipigia simu: ziwa limepanda, nyumba zote zimemezwa, sasa maji yanalifuata kaburi.

Nikapandwa na wazimu. Baba yangu amezwe na ziwa, na mimi nipo? Nikafunga duka langu la Kikuubo siku hiyo hiyo. Mama akagoma katakata.

"Mwache baba yako alipo."

"Mama, una moyo au una jiwe?"

Nikaenda peke yangu, na sanduku la mbao na shuka jeupe.

Sikutambua kitu. Nguzo za vichanja ndizo tu zilizochomoza majini. Nilikodi wachimbaji wawili, kijana na mzee, yule mvuvi akawaonyesha kaburi, wakaanza kazi. Wakafika kiunoni, wakafika kifuani, maji yakaanza kuchuruzika ndani ya shimo. Walitoa kipande cha blanketi kilichooza. Mfupa hakuna! Hata msumari wa jeneza hakuna!

"Nani kamwiba baba yangu?" Nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Yule mzee akaweka jembe chini. "Binti yangu, hakuna aliyeiba. Hapa palizikwa mwegea."

Nikaketi kwenye tope na gauni langu la safari. Mila hiyo naijua, kwetu nani asiyeijua? Maji yakimchukua mtu yasimrudishe, watu huchuma tunda la mwegea, lile refu na zito, hulifunga blanketi, hulilia usiku kucha na kulizika kama yeye. Lakini baba? Banange! Baba wa homa? Nimekimbia kumwokoa na ziwa, kumbe liko naye tangu nikiwa mgongoni! Na nyumba zote sita zilijua. Nilicheza kwenye nyua zao, nikala vyunguni mwao, na hakuna aliyeropoka. Siri ya mtungi muulize kata, na kata zote zilinyamaza.

Nilimkuta mama barazani anachambua mukene kwenye ungo. Nikaweka sanduku tupu mbele yake. Alilitazama.

"Mlinidanganya nyote," nikasema. "Kwa nini, mama?"

Akaendelea kuchambua.

"Kisima hatukuwa nacho," akasema. "Mvua ilikuja ilipotaka. Kila asubuhi nilikuchotea pale pale ziwani, ukanywa, ukaniomba nikuongeze." Akasukuma ungo pembeni. "Mwanangu, ningekuambia, ungekunywa maji gani?"