Mzio wa Ahadi

Katika masijala ya hospitali alikuwapo bwana mmoja aliyeitwa Fundi, ingawa bisibisi aliishika mara moja tu maishani, siku aliyojichoma nayo. Mkataba wake ulisema "mtunza mifumo ya kumbukumbu". Anayemjua atakuambia kazi yake hasa ilikuwa kuhangaika. Akitoka nyumbani hurudi kutazama kama amezima pasi, na pasi yenyewe waliigawa miaka miwili iliyopita. Akipata ujumbe wa "nipigie ukipata nafasi", anaacha sahani mezani mpaka apige. Mkewe alimwambia siku moja, "Wewe hata ukienda peponi utauliza mlango wa dharura uko wapi," naye akaona hilo ni swali la maana.

Katika miaka tisa ya kuhangaika huko, Fundi alitunga lugha ya kompyuta. Makarani hawakuzielewa programu za kununua, naye alichoka kuitwa kila printa ikikohoa, ndipo akawatungia lugha ya maneno yao wenyewe: soma, andika, chapa, tafuta. Akaiita Tarishi, kwa kuwa ilifanya kazi ya tarishi: unaituma ghalani, inakuletea jalada. Sheria yake ilikuwa moja. Mstari usipomaliza, mwingine hauanzi. Ukiandika "soma jalada", Tarishi anakwenda na wewe unakaa mkono shavuni mpaka arudi. Makarani waliielewa ndani ya wiki moja, hasa mkuu wao, Mama Jalada, mwanamke wa miwani mbili, moja puani na moja kichwani, ambaye alianza kujiandikia programu zake bila kumwomba mtu ruhusa.

Shida ililetwa na picha. Hospitali ilinunua mashine mpya ya eksirei na majalada yakanenepa ghafla. Sasa karani akisoma jalada la mtu wa mgongo, Tarishi anakawia ghalani nusu dakika, na kwa kuwa programu hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha namba za foleni ukutani, namba nazo zinaganda. Siku moja 64 ilikaa ukutani hata mzee mwenye 65 akaenda kunyoa ndevu akarudi, akaikuta palepale, akasema afadhali angepunguza na nywele.

Mkurugenzi akamwita Fundi ofisini.

"Nimeambiwa kwenye semina kwamba lugha za wenzetu hazisubiri faili."

"Zinasubiri, bosi. Zimejua tu kujificha."

"Kivipi?"

"Mtandao unaweza kukuacha uendelee na mambo yako, ukakuita jibu likifika. Diski haina adabu hiyo. Ukiiomba faili, lazima mtu asimame pale. Kwa hiyo nyingi kati ya lugha hizo zinaweka vibarua chumba cha nyuma, wao ndio wanaosimama. Wewe wa mbele unaonekana mwepesi."

"Basi na sisi tuweke vibarua."

"Si watu hawa, bosi. Ni vipande vya programu."

"Vizuri zaidi. Hawataomba likizo."

Fundi alijaribu kueleza kilichomtia hofu. Karani akisema soma, anaamini kimesomwa. Ukimrudishia neno la "naleta" badala ya jalada, sharti ajue kwamba alichoshika ni neno. Si kila mtu atajua, na hapa ni hospitali, si duka la viatu. Mkurugenzi alimsikiliza kwa uso wa mtu anayengoja lifti, kisha akasema mpaka Jumatano namba zisigande, la sivyo Tarishi atastaafishwa na programu ya kununua italetwa.

Fundi akakaa akaandika. Katika toleo jipya, "soma" ilirudi papo hapo na kitu alichokiita ahadi. Aliyetaka jalada lenyewe alipaswa kutanguliza neno moja: subiri soma jalada. Na hapo ndipo alipofanya kosa la mtu mstaarabu. Ahadi isiyotimia, ukiichapa, ilitoa mkururo wa tarakimu na mabano kama namba ya injini iliyoibiwa. Fundi akaona haya wageni wakiiona. Akaifanya ichapike kwa neno moja safi: ahadi. Akalitazama kwenye skrini akafurahi. Ilikuwa furaha ya dakika nne hivi, na mwaka ule hakupata nyingine ndefu kama hiyo.

Akazipitia programu zote za kabati, yaani folda ya pamoja ya masijala, arobaini na tatu, akatia subiri kila palipohitaji. Jumatano adhuhuri akawasha toleo jipya. Namba zikatiririka. Mkurugenzi akapita masijala akiwapungia mkono kama mtu aliyeshinda kura.

Alhamisi asubuhi ilikuwa zamu ya dada mkubwa wa Fundi kupasuliwa nyongo. Dada huyu ndiye aliyemlea. Daktari wa upasuaji huo alikuja mara moja kwa mwezi, na dada alikuwa ameingoja siku yake miezi saba. Jambo moja tu lilimtisha Fundi juu yake. Zamani, baada ya kujifungua mtoto wa pili, dada alidungwa sindano fulani, akavimba uso, pumzi ikakata, akarudishwa kwa shida. Jina la dawa ile lilikuwa refu. Mama yao alilijua, naye alishafariki. Fundi mwenyewe alilinakili kwenye jalada la dada miaka sita iliyopita, na kwa kuwa aliliandika hakuona haja ya kulikumbuka.

Alifika kwenye chumba cha kungojea upasuaji saa tatu kasorobo. Dada alikuwa ameshapewa dawa ya kumtuliza, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mdomo wazi kidogo. Nesi alikuwa akipanga sindano kwenye sinia.

"Wewe ndiye mdogo wake?" nesi akauliza. "Dada yako mcheshi kweli. Nimemwambia, mama, hapa imeandikwa una mzio wa ahadi. Akanijibu, sana mwanangu, nimeolewa mara mbili."

Fundi hakucheka. Akauinua mkono wa dada. Kwenye utepe wa mgonjwa aliofungwa mkononi, kwa herufi safi kabisa, paliandikwa: MZIO: AHADI.

"Nesi. Hii mmeielewaje?"

"Tepe zote toka jana mchana zimekuja hivyo. Tukaambiwa mfumo umebadilika. Tukajua ndiyo njia mpya ya kusema hakuna."

"Hakuwaambia chochote?"

"Alisema kuna sindano ilimdhuru zamani, jina halijui, ila limeandikwa. Tukatazama utepe." Nesi akautazama utepe tena. Kicheko kilimtoka usoni polepole. "Ana mzio wa nini?"

"Sijui."

"Hujui na wewe ni ndugu yake?"

"Limo kwenye jalada."

Nesi akaitazama sindano ya kwanza kwenye sinia, ile ya kuzuia vidudu, ambayo hudungwa kabla ya kisu. "Daktari ameshaanza kunawa. Tukichelewa anaita mwingine, na huyu anarudi foleni ya mwezi ujao. Nakupa dakika tano."

Fundi akapiga simu masijala. Vidole vilimtoka jasho hata simu ikamkataa mara mbili.

"Mama Jalada, programu ya tepe za mkononi iko wapi? Sikuiona kabatini."

"Haiko kabatini. Niliiandika mwenyewe, mistari minne. Iko kwenye folda yangu ya Mambo Yangu, katikati ya orodha ya kwaya na barua ya mwenye nyumba."

"Ifungue. Ina soma mzio?"

"Ina soma mzio, halafu chapa mzio. Imekukosea nini?"

"Kabla ya soma, weka subiri."

"Nasubiri."

"Hapana, mama. Andika subiri."

"Nimekuelewa, baba. Nasubiri uniambie niandike nini."

"Subiri. Hilo ndilo neno."

"Sasa Fundi, unanipigia simu asubuhi yote hii kuniambia nisubiri? Nina watu kumi na wawili dirishani."

"Mama Jalada. Shika kibodi. Mstari wa kwanza. Mwanzoni kabisa. Bonyeza S."

"S."

"U."

"U. Ahaa. Unataka niliandike neno lenyewe, subiri."

"Ndiyo."

"Si ungesema."

Fundi akamsomea namba ya jalada, akamwambia achape kwa printa ya chumba cha upasuaji. Kisha Mama Jalada akakata simu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuagana, na Fundi akabaki akiitazama printa.

Aliijua kazi inayoendelea kule ndani, hatua kwa hatua, na kuijua hakukumsaidia. Tarishi ameingia ghalani. Anapita rafu za picha. Jalada la dada ni nene, lina eksirei nne. Kwa miaka tisa Fundi alikuwa amewafanya watu wasimame mbele ya skrini wakingoja, akiwaambia ni sekunde chache tu, na hakuwahi kuzingoja akiwa amemshika mtu mkono. Mlango wa ndani ukafunguka, kichwa chenye barakoa kikachungulia, kikauliza vipi. Nesi akasema bado kidogo. Kichwa kikatazama saa ya ukutani, kikarudi ndani.

Printa ikakohoa. Utepe ukatoka. Nesi akauchomoa, akausoma, kisha akasoma kichupa kilichokuwa kando ya sindano ya kwanza. Akalisukuma sinia mbali na kitanda kwa kidole kimoja, kama kitu cha moto, akaenda kabatini kutafuta dawa nyingine.

Dada akaingizwa saa tatu kasoro dakika sita.

Fundi hakukaa kungoja matokeo. Akachukua orodha: tepe sitini na moja zilikuwa zimetoka tangu Jumatano adhuhuri, na mbali na dada, tisa kati ya hizo zilikuwa za wagonjwa wenye mzio wa kweli. Mama Jalada akafunga dirisha lake, watu kumi na wawili wakamlaani, kisha yeye na Fundi wakazunguka wodini wakibadilisha tepe. Tisa wote walikuwa wazima. Mmoja alikuwa na mzio wa plasta tu, lakini Fundi alimshika mkono muda mrefu hata mgonjwa akaanza kuuliza kama amebakiza siku ngapi.

Ijumaa mkurugenzi aliwaita wote wawili. Alikuwa ameipenda foleni yake isiyoganda na hakutaka kuirudisha.

"Haitarudi," Fundi alisema. "Lakini soma itasubiri kama zamani."

"Hayo ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja."

Mama Jalada akashusha miwani ya kichwani ikagongana na ya puani. "Yanakaa, bosi. Mkinituma dukani sijanunua bado, nimetumwa tu. Asiyetaka kungoja asiseme soma. Aseme tuma. Mtu akisema tuma anajua mwenyewe hajaletewa."

Mkurugenzi akauliza kama hilo linatekelezeka. Fundi akasema ndiyo, tena ahadi ikichapwa programu itagoma na kupiga kelele. Akasema pia kosa la tepe ni lake, si la Mama Jalada, na liandikwe hivyo kwenye barua. Mkurugenzi akaandika.

Jumamosi Fundi akaenda wodini. Dada alikuwa ameketi, mto tumboni, analalamikia uji. Fundi akazungumza habari za watoto, za mvua, za bei ya sabuni. Mwishowe akasema.

"Dada, lile neno kwenye utepe. Ni mimi niliyeliweka."

Dada akala vijiko viwili vya uji bila kumtazama.

"Nilijua," alisema. "Nani mwingine angeweka neno zuri namna ile mahali pabaya vile?"

Kisha akageukia ukutani, mabega yakitetemeka, na Fundi akasimama pale asijue kama ni kicheko au ni mshono unamuuma, na asithubutu kuuliza.