Mdudu Aliyesimamisha Panya

Mtaro wa mtaa wetu, Mashimoni, ulikuwa unanuka sabuni ya kufua, maganda ya ndizi, na kitu kingine kama chuma kimelowa. "Hiyo ni mrudishi," Zainabu aliniambia. Zainabu alikuwa binti wa landilodi wetu, Mnubi, na alijua kila kitu kwa sababu alinizidi mwaka mmoja. Mrudishi ni mdudu mweupe, mwembamba kama uzi. Anaingia kwa sikio la kitu kimekufa, halafu hicho kitu kinatembea. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo sayansi yake msiniulize. Lakini niliona. Panya alikuwa amekauka hapo siku mbili, hata nzi wamemchoka. Uzi ukaingia. Miguu ikatetemeka, akasimama, akatembea kichwa kimelala upande, akapita juu ya watoto wake wakilia kama anapita juu ya mawe. Mimi, mdomo mkubwa wa ploti nzima, nilisahau hata kuita watu, nikamfuata panya mpaka Zainabu akanishika paji akidhani ni homa.

Wiki hiyo hiyo nyanya yangu, Kukhu, akafa kwake mtaa wa Kongo, Kawangware. Kukhu hakuwa anasalimia mtu. Ukiingia tu: "Umekula?" Hata kama umebeba sahani. Sikuwa tayari kuishi bila hilo swali. Tukamvuta mrudishi na kijiti kutoka sikio la yule panya, panya akaanguka, mdudu tukamfungia kwa mkebe wa majani ya chai. Gari la kumpeleka Kukhu magharibi akazikwe liliposimama kwake watu wamuage, sanduku likafunguliwa, watoto tukapanga laini. Nikainama kwa sikio lake, mkebe chini ya sweta. Ndani, mrudishi akaanza kukwaruza bati. Alikuwa amejua. Nikaanza kulegeza kifuniko.

Zainabu akaninong'oneza nyuma, "We, na akiamka asikuulize?"

"Asiniulize nini?"

"Kama umekula. Si yule panya alikanyaga watoto wake?"

"We toto, songa wengine wapite!" shangazi akasema. Nikasonga. Mkebe tuliufungulia mtaroni, jioni, nikilia kama nimechapwa.

Siku hizi mtaro umefunikwa na simiti. Watoto wangu wakisikia hii hadithi wanauliza, "Mathe, kwani ulikuwa unavuta nini?" Ile harufu sijawahi kuisikia tena. Lakini nikipata panya amekufa njiani bado nasimama, mtu mzima na sukuma wiki mkononi, nangoja. Haamki. Naenda nyumbani, nasukuma mlango, na kabla sijavua viatu nasikia mdomo wangu ukisema, "Mmekula?"