Kiputo Nilichokiona Kwenye Pipa

Mjukuu wangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka mpaka harufu yake, harufu ya mpira uliolowa na mafuta ya pampu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi katika mgodi wa shaba milimani juu ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Mvua zilikuwa zimejaza maji njia ya chini ya mgodi. Pampu ziliziba kwa vijiti na tope, na kila zilipoziba ilibidi mtu azamie chini ya mwamba kwenda kuzisafisha. Tulikuwa wazamiaji wanne. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikulia Katwe, kando ya ziwa, na nilijua maji. Na nisikufiche, niliipenda kazi hiyo kwa sababu wazamiaji walitazamwa sana wakipita sokoni.

Lakini kuzamia ndani ya mwamba si kama kuogelea ziwani. Ziwani ukiishiwa hewa unapanda juu. Mle ndani, juu yako ni jiwe. Unatoka kwa njia ileile uliyoingilia, ukiishika kamba iliyotandazwa toka mlangoni, maana tope likitibuka tochi haikuonyeshi hata kiganja chako.

Aliyetufundisha ni mzee Kambale, Mkongo wa Butembo, mfupi, mnene, mcheshi, aliyesali rozari kwanza ndipo avae mitungi ya hewa. Alitufundisha kugawa hewa mafungu matatu. "Moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ya tatu iko ya mwenzako," alisema. "Ile ya tatu haiko yako. Usiiguse." Tena kila asubuhi kila mtu alizamisha mpira wake wa kupitishia hewa katika pipa la maji. Kikitoka kiputo hata kimoja, mpira ule haukuingia mgodini.

Sasa, siku hiyo nilikuwa na miadi Bwera. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Masika, aliyekuwa akija kuuza nyanya kwenye kambi yetu, na baba yake alikuwa amekubali kuniona jioni kwa habari ya posa. Basi la Bwera liliondoka Kasese saa nane mchana. Nikauzamisha mpira wangu upesi upesi, na pale unapoungana na mtungi nikaona kiputo kidogo kama punje ya ulezi. Kikapanda. Kikafuata kingine.

Kubadilisha mpira kulitaka nipande ghalani, nimngoje mtunza ghala, nitie sahihi. Nilimtazama Kambale, alikuwa amefumba macho, anasali. Nikaufuta mpira kwa kitambaa, nikauvaa.

Tuliingia wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Tulifika kwenye pampu, tukaondoa takataka, kazi ikaisha vizuri. Tulipogeuka kurudi, yeye tena mbele, ndipo mpira ukapasuka nyuma ya sikio langu, kwa kelele kama ya birika linalochemka. Hewa ikatoka kwa nguvu, ikapiga dari, tope likaanguka, pakawa giza tupu. Nikavuta pumzi, nikapata nusu. Nikavuta tena, nikapata maji.

Nilipapasa nikashika mguu wa Kambale. Hakunipiga teke. Aligeuka, akanishika mkanda wa kifua, akatoa kidomo cha kupumulia kinywani mwake, akakitia kinywani mwangu. Nikavuta mara mbili. Akakichukua, akavuta mara mbili. Hivyo ndivyo tulivyotoka, mita sitini, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwa mwenzako. Miguu yangu ilitaka kukimbia, na kila nilipoharakisha alinivuta nyuma kwa ule mkanda kama mtu anayetuliza ndama. Ile hewa ya tatu niliyokuwa nikiichekea moyoni ndiyo niliyoivuta mpaka nikaona taa.

Tulipokaa juu ya mbao, Kambale alikohoa sana, kisha akasema, "Wewe iko na mapafu ya ng'ombe. Umenimalizia hewa yote."

Msimamizi alikuja, akauliza nini kimetokea. Nami, mjukuu wangu, nikajibu, "Mpira umepasuka ghafla tu, bwana." Akaandika hivyo, akaenda zake. Tulipobaki peke yetu, Kambale akaniuliza:

"Uliona kiputo?"

Nikautazama ule mpira uliopasuka.

"Kesho benzetu wawili batashuka na mipira ya sanduku lile lile la mpira wako," alisema kwa upole. "Mimi sitasema. Wewe ndiye utasema, ao utanyamaza."

Nilikaa pale nimelowa. Nilijua nikisema naweza kufukuzwa, na kijana aliyefukuzwa kazi hana la kumwambia baba wa msichana. Kisha nikawafikiria wale wawili kwenye giza lile. Nikainuka, nikamfuata msimamizi, nikamwambia yote. Akaagiza mipira yote ya sanduku lile izamishwe pipani, na miwili zaidi ikatoa viputo. Sikufukuzwa. Nilitolewa majini, nikaosha kamba miezi miwili, na wenzangu wakanitania kila siku.

Basi la Bwera lilikuwa limekwenda. Nilifika kesho yake, Kambale akiwa msemaji wangu, amevaa koti la kanisani.

"Jana tulikungoja," alisema baba yake Masika. "Ulikuwa wapi?"

Nilimtazama Kambale anisaidie. Akawa anaangalia kofia yake. Basi nikasimulia mwenyewe, kiputo, uongo na kamba ninazoosha. Baba yake Masika akaanza kucheka mpaka akafuta machozi.

"Kwa hiyo ulitaka kuniletea maiti iliyowahi basi?" aliuliza. "Mimi ningemngoja kijana mzima hata wiki nzima. Kaa chini ule." Nyuma ya mlango nilisikia Masika naye anacheka. Ndiye huyo bibi yako, na mpaka leo nikisema nina haraka, ananiuliza kama nimetazama pipa.

Basi nisikilize, mjukuu wangu. Kifaa kibovu hakina aibu, hukuonyesha ubovu wake mapema. Anayeuficha ni mtu. Ukiona kasoro, hata ndogo, simama hapo hapo, hata kama gari linakuacha. Ukiwa umekosea, sema kabla mwenzako hajaingia kwenye kosa lako. Usiingie mahali usipojua utatokaje, wala usitumie vyote ulivyo navyo kwa ajili yako peke yako. Na ukipata mtu wa kukurudi kwa upole, mshike sana.

Mungu akulinde kazini, akupe wenzako waaminifu, akurudishe nyumbani ukiwa mzima kila siku ya maisha yako.